Kusoma Hesabu kwa Sauti

Tarehe 15 Mei 2024, taa zilizimika Ziwa Tanganyika. Aliyewahi kulala Ikola ataelewa ninachosema. Usiku wa giza ziwa letu huwa na mji wake juu ya maji. Taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa kuanzia karibu na mwalo hadi macho yanapoishia, upande wa Kongo. Usiku ule sikuona hata moja. Serikali ilikuwa imesitisha uvuvi kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Mitumbwi ilipandishwa mchangani, nyavu zikakunjwa, na vijana waliozoea kulala mchana wakaanza kuhangaika na usiku.

Mimi nilikosa usingizi kwa sababu yangu mwenyewe. Mwaka mmoja kabla, nikiwa katikati ya masomo ya shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile MBA, niliandika mpango wa biashara kwa ajili ya kikundi cha watu 14 hapa kijijini. Walikuwemo wenye mitumbwi, wavuvi wa kawaida, na akina mama wanaonunua dagaa wabichi, kuwaanika na kuwapeleka Mpanda. Walinilipa shilingi 300,000. Kwa mpango huo kikundi kilikopeshwa shilingi milioni 18, kikanunua injini mbili na nyavu. Marejesho yalikuwa ya kila mwezi. Mei ilikuwemo. Juni ilikuwemo. Julai nayo ilikuwemo.

Mpango wenyewe ulikuwa na kurasa 32. Ulikuwa na jedwali la mtiririko wa fedha, na uchambuzi wa ushindani kwa kufuata nguvu 5 alizozieleza Michael Porter wa Harvard mwaka 1979: washindani waliopo, wanaoweza kuingia, wauzaji, wanunuzi, na bidhaa mbadala. Nilipouwasilisha chuoni kama zoezi, nilipata alama za juu. Nilipouwasilisha Ikola, mama mmoja muuza dagaa alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, mbalamwezi umeiweka wapi?"

Dagaa huvutwa na taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina kazi, na mitumbwi hupumzika. Mtoto wa darasa la tatu Ikola anajua hilo, na mimi nimekulia hapa. Lakini katika jedwali langu nilikuwa nimezidisha mapato ya usiku mmoja mara 30. Watu walicheka, nami nikacheka, nikarudi nyumbani kurekebisha. Usiku 20 badala ya 30. Nikajiona nimeshakuwa mtaalamu anayesikiliza wananchi.

Sikusoma kitu kimoja. Nchi nne zinazopakana na ziwa hili, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikuwa zimesaini makubaliano ya kulinda uvuvi tangu Desemba 2021. Mtu aliyefuatilia habari za ziwa alijua kwamba siku moja litafungwa kwa muda. Mimi nilikuwa nafuatilia visa vya mashirika ya ndege ya Marekani tulivyopewa kujadili darasani.

Kwa wiki mbili baada ya ziwa kufungwa nilikwepa njia ya mwaloni. Nilijifungia nyumbani kwetu, na kwa kukosa la kufanya nikafungua sanduku la marehemu babu. Humo nilikuta madaftari yake ya kazi, na ndani ya mojawapo, kurasa za mafunzo aliyopata Moshi katika miaka ya 1960. Babu alikuwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku huko Urambo kabla ya kurudi kuvua Ikola. Katika ukurasa mmoja ameandika kwa wino wa buluu, kama mtu anayejikumbusha: siku ya mkutano mkuu, soma hesabu kwa sauti, polepole, rudia kila jumla mara mbili.

Sentensi hiyo ilinikaa kichwani. Katika miaka miwili ya masomo nilifundishwa kuandaa hesabu, kuzichambua na kuzitengenezea picha nzuri za kurusha ukutani. Sikumbuki kufundishwa kuzisoma kwa sauti mbele ya wenye fedha zao. Nikaanza kujiuliza: hivi shule za uongozi na biashara katika nchi hii zilianzaje, na zilikusudia mhitimu ampelekee nani hesabu?

Jibu la kwanza lilikuwa Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, Morogoro. Chuo Kikuu cha Mzumbe, ambacho leo hutoa wahitimu wengi wa uzamili wa biashara, kilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa ya Waingereza. Wanafunzi wake walikuwa machifu, makarani wa tawala za wenyeji, madiwani na watumishi wa mahakama. Ukiitazama ramani ya utawala wa wakati ule utaelewa kazi iliyokusudiwa. Chifu alikuwa mtu wa katikati. Kodi ilitoka chini, hesabu ikaenda juu kwa mkuu wa wilaya. Mkulima aliyetoa kodi hakuwa mtu wa kusomewa chochote.

Uhuru ulipokuja, mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria mwaka 1963. Shule ilibaki, wanafunzi wakabadilika. Mwaka huohuo, Januari, Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi, mahali ambapo wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao kikuu, KNCU, tangu 1933. Huko ndiko babu alikopelekwa. Hakuwa na shahada. Alikuwa na elimu ya shule ya kati na mwandiko mzuri. Lakini chuo kile kilimfundisha jambo ambalo shule ya machifu haikuwa na sababu ya kulifundisha: kwamba hesabu inashuka. Mwenye mali amekaa chini kwenye benchi, pengine hajui kusoma, na katibu ni mtumishi wake. Baba huniambia kwamba wakulima wa Urambo waliokuwa hawajui kusoma walishika jumla kichwani kutoka mkutano hadi mkutano. Ukikosea mwaka huu, mtu atakunukuu namba ya mwaka jana.

Mwaka 1965 kikafunguliwa Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye likaja Azimio la Arusha. Mabenki yakataifishwa Februari 1967, yakafuata mashirika mengine, na ghafla nchi ikahitaji mameneja ambao haikuwa nao. Lakini Azimio lilikuwa na sehemu nyingine ambayo vijana wa leo tunaisahau: miiko ya uongozi. Kiongozi alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya binafsi, kupokea mishahara miwili, au kupangisha nyumba. Kwa maneno mengine, kiongozi na mfanyabiashara walikuwa watu wawili tofauti, na sheria ya chama ilisimama katikati yao.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulienda mbali zaidi. Ulikemea viongozi wenye majivuno na dharau kwa walio chini yao. Wafanyakazi wa viwanda waliuchukua kama ulivyo. Katika miaka miwili iliyofuata waligoma mara nyingi, na kuna viwanda ambako mameneja walifungiwa nje ya milango. Ukisoma habari hizo leo unaweza kuziona kama vurugu tu. Mimi niliziona kama watu waliotaka kusomewa hesabu na hawakuwa na mkutano wa kusomewa.

Mwaka 1972 shule ya Mzumbe iliunganishwa na Taasisi ya Utawala ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM. Mwaka huohuo kikaanzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungua Kitivo cha Biashara na Uongozi. Mhitimu wa wakati huo alikwenda kwenye shirika la umma, na hesabu zake zilikwenda wizarani. Juu tena.

Huku chini, mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kazi zao zikachukuliwa na mamlaka za mazao na vijiji. Daftari la mwisho la babu linaishia hapo. Hakuna malalamiko. Kuna orodha ya vitu alivyokabidhi: mizani 1, meza 2, muhuri, madaftari. Sheria ya 1982 ilirudisha ushirika, lakini babu alikuwa ameshanunua mtumbwi.

Kisha milango ikageuka. Februari 1991, kikao cha CCM kilichokuja kuitwa Azimio la Zanzibar kililegeza miiko ile. Kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, kupangisha, kupokea zaidi ya mshahara mmoja. Mashirika ya umma yakaanza kuuzwa. Nadhani hapo ndipo MBA ilipopata nafasi yake katika ndoto zetu, kwa sababu ile sheria ya kutenganisha kiongozi na mfanyabiashara iliondolewa, na shule ya biashara ikaweza kujitangaza kuwa shule ya viongozi. Mwaka 1992 ikapitishwa sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria, ambacho kiliwapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994 na kuthibitisha kwamba mtu anaweza kusoma shahada akiwa mkoani kwake. IDM ikawa Chuo Kikuu cha Mzumbe mwaka 2001. Kitivo cha Dar es Salaam kikawa Shule ya Biashara mwaka 2008. Arusha kulikuwa na ESAMI tangu 1980, taasisi ya pamoja ya serikali za mashariki na kusini mwa Afrika, na Nairobi, Strathmore wakafungua shule yao ya biashara mwaka 2005. Mtu wa kizazi changu hakuhitaji tena kuuliza kama uongozi unasomwa kwenye biashara. Alikuta imeshakuwa hivyo.

Sisemi kwamba kulegeza kulikuwa kosa. Bila milango ile kufunguka, mtoto wa mvuvi wa Ikola asingesoma uzamili kwa simu, akipakua mihadhara mtandao ukikubali na kusafiri zaidi ya kilomita mia moja hadi Mpanda kufanya mtihani. Ninachosema ni kwamba mlango ulipofunguka, lile swali la babu halikuingia nasi.

Wala si letu peke yetu. Marekani, Harvard ilipofungua shule yake ya biashara mwaka 1908, waliokuwa nyuma ya wazo hilo walitaka umeneja uwe taaluma inayoheshimika kama udaktari na sheria, yenye wajibu kwa jamii. Rakesh Khurana, profesa wa hapohapo Harvard, aliandika kitabu mwaka 2007 kueleza jinsi lengo hilo lilivyopotea njiani. Mwaka 1970 mchumi Milton Friedman alitoa hoja iliyopata wafuasi wengi, kwamba wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida. Hesabu ikawa inakwenda kwa mwenye hisa, basi. Baada ya mtikisiko wa fedha wa 2008, kundi la wahitimu wa Harvard wa mwaka 2009 walitunga kiapo cha MBA, wakijifunga kutumikia watu wengi kuliko nafsi zao, kwa kuiga kile cha madaktari.

Niliposoma kuhusu kiapo hicho nilimfikiria mtu wa Karema, jirani zetu hapa ziwani. Adrien Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na hakuondoka tena. Alifariki huko mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60 mtu yuleyule alikutana njiani na watu aliowatibu, na ndugu za wale walioshindikana kupona. Sijui kama alihitaji kukumbushwa kiapo chake. Kijiji chenyewe kilimkumbusha kila asubuhi.

Hapo nikaona ni nini kilichokuwa kinanifanya nikwepe njia ya mwaloni. Mshauri wa Dar es Salaam aliyekosea angekuwa ameshapanda basi. Mimi nilikuwa naishi mita mia tatu kutoka kwenye kosa langu.

Jumapili moja ya Juni, baada ya ibada, niliomba kikundi kikutane chini ya mwembe karibu na mitumbwi iliyolala. Walikuja 13. Nilisimama na daftari, nikasoma kwa sauti, polepole. Mkopo milioni 18. Tumerejesha milioni 7 na laki 4. Marejesho ya Mei tumelipa kwa akiba. Ya Juni hatuna. Nikarudia kila jumla mara mbili. Kisha nikasema kwamba kufungwa kwa ziwa kungeweza kujulikana, kwamba mimi ndiye niliyepaswa kujua, na sikujua.

Ukimya ulikuwa mrefu. Mzee mmoja mwenye mtumbwi akasema, "Sasa wewe msomi, tulikulipa utuambie tusichokijua. Tunachokijua tungejiambia wenyewe." Hakupandisha sauti. Nilitamani angepandisha.

Yule mama wa mbalamwezi akaomba nirudie jumla ya riba. Nikairudia. Akaniuliza ingekuwaje kama tungeuza injini moja. Hakuna mtu kwenye mkutano aliyekuwa na shahada zaidi yangu, lakini katika saa ile moja walipima mambo ambayo jedwali langu halikuwa na safu zake: nani ana mtoto anayeingia kidato cha tano, nani anaweza kulima mpunga miezi hii, nani akiuza mtumbwi hatapata mwingine tena. Mwisho waliamua kuuza injini moja, ambayo ilitupa hasara ya shilingi milioni 1 na laki 2, na kutuma watu wawili pamoja nami kwa wakopeshaji kuomba kusogezewa tarehe. Tulisogezewa, kwa riba iliyoongezwa. Nilitoa zile 300,000 nirudishe. Mama akasema, "Hizo kaa nazo. Ila utakuja kutusomea kila mwezi, bure."

Mmoja wa wale 14 alijitoa kwenye kikundi. Mpaka leo tukikutana njiani hujifanya anaangalia simu. Sina la kumwambia ambalo litakuwa na uzito wa alichopoteza.

Vyuo vinabadilika, na nafurahi kuona hivyo. Katika muhula wangu wa mwisho tulikuwa na somo la maadili ya biashara na lingine la uendelevu, ambayo wenzetu waliotutangulia walisema hawakuyapata. Wapo walimu wanaoandika visa vya hapa kwetu vya kujadili darasani, kuhusu vyama vya akiba na wakulima, badala ya kutegemea vya Boston. Masomo yamehamia kwenye simu, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kusoma bila kuwaacha watu anaosoma kwa ajili yao. Mimi naliona hilo la mwisho kuwa kubwa kuliko yote, kama vyuo vitalitumia. Mwanafunzi wa MBA aliyeko Ikola ana maabara ambayo jengo zuri la jijini haliwezi kumpa. Anaweza kutakiwa, kabla ya kuhitimu, kusimama mbele ya watu wenye fedha zao na kusoma alichowafanyia, huku mwalimu akisikiliza kwenye simu. Ningependa wapewe alama kwa jinsi wanavyojibu maswali ya akina mama kuliko kwa kurasa 32.

Wilaya yetu ya Tanganyika inahitaji watu wa namna hiyo kuliko wakati wowote. Juu milimani, vijiji vinavyotunza msitu wa Ntakata vimeanza kupokea mabilioni ya shilingi ya biashara ya kaboni. Karema imejengwa bandari ya kupokea mizigo ya kwenda na kutoka Kongo. Fedha zinakuja kwenye vijiji ambavyo juzi tu vilikuwa vinahesabu magunia. Watahitajika watu wa kuandaa hesabu hizo, na wengi wao watakuwa na shahada kama yangu. Mimi nawaza zaidi kuhusu siku ya mkutano mkuu wa kijiji, na kama kutakuwa na mtu wa kuzisoma kwa sauti na kubaki amesimama mpaka maswali yaishe.

Usiku wa 15 Agosti nilikwenda mwaloni na wengine wote. Watoto walikuwa wameachwa wasilale. Mitumbwi ilisukumwa majini, injini yetu moja iliyobaki ikaunguruma, na taa zikaanza kuwaka, moja, tatu, kumi, hadi tukaacha kuhesabu.

Mkopo tunaulipa bado. Mpango mpya una kurasa 4. Mwaka una miezi 9 ya uvuvi, na mwezi una usiku 20 hivi. Jumapili ya mwisho ya kila mwezi nasimama chini ya mwembe na daftari. Yule mama hukaa mbele, na kabla sijafungua mdomo huniuliza kama mwezi nimeuona.